Swichi haina sehemu ya kuweka paswedi ya waifai, sasa intaneti naiwekaje?

"Mtaalamu naomba msaada. Ofisini kwetu tuna kompyuta 5 na printa 1, intaneti inaingia kwa kile kiboksi cha faiba ambacho kina tundu moja tu la waya na hakina waifai. Nimenunua swichi ya matundu 8, waya wa kutoka kwenye kiboksi nikauchomeka tundu la kwanza, kompyuta na printa nikazipanga kwenye matundu mengine. Kompyuta moja tu ndo inapata intaneti, zingine zinaonyesha zimeunganishwa ila hamna intaneti. Nikiizima hiyo moja, baada ya muda inaweza kupata nyingine. Nimefungua 192.168.0.1 na 192.168.1.1 kwenye browza ili niweke jina la waifai na paswedi, hamna kinachofunguka. Kuna rauta ya zamani ipo kabatini ila jamaa mmoja kaniambia ukiwa na swichi huhitaji rauta. Je swichi ni mbovu niirudishe dukani? Na waifai naiwekaje kwenye swichi?"

Ndugu yangu, usiirudishe hiyo swichi, ni nzima kabisa. Ushahidi umeuandika mwenyewe hapo uliposema kompyuta moja inapata, na ukiizima baada ya muda inapata nyingine. Swichi mbovu haina tabia hiyo, ingekuwa imekufa wote mngekosa, na kama ni tundu moja limeharibika basi angekosa yule yule wa kwenye lile tundu kila siku. Kinachokusumbua ni kwamba kuna kifaa kimoja kimerukwa hapo katikati, na nadhani hicho kifaa unacho tayari kabatini.

Hapa wanachanganya wengi na siwalaumu, maana vile viboksi vya majumbani vimetuzoesha kuona kila kitu kwenye plastiki moja, faiba inaingia, waifai inatoka, nyuma kuna matundu 4 ya waya, basi mtu anajua hiyo yote ni "rauta". Ukweli ndani ya kile kiboksi kuna kazi nne tofauti zimebanana. Kuna ya kupokea mwanga wa faiba na kuugeuza uwe umeme wa kwenye waya, kuna ya urauta wenyewe, yani kugawa anwani na kupitisha mazungumzo kati ya ndani na nje, kuna swichi ambayo ndo hayo matundu 4, na kuna aksesi pointi ambayo ndo inarusha waifai. Kwako wewe ya kwanza inafanywa na kiboksi cha faiba, ya tatu inafanywa na swichi mpya, ya pili na ya nne hamna anayezifanya. Ndo maana.

Swichi yenyewe inafanya nini? Kila kadi ya mtandao, iwe ya kompyuta au ya printa, imetoka kiwandani na namba yake inaitwa anwani ya MAC. Swichi inasikiliza, ikisikia namba fulani imeongea kutoka tundu la 3 inaandika kwenye jedwali lake kwamba huyu yupo tundu la 3, siku mtu akimtumia kitu inampelekea hapo hapo bila kuwasumbua wengine. Asiyeongea kwa muda inamfuta, kwa swichi nyingi ni baada ya sekunde 300, akiongea tena anaandikwa upya. Basi, kazi yake imeishia hapo. Haijui intaneti ni nini, haigawi anwani za IP, yani zile namba ambazo kifaa kinajulikana nazo kwenye mtandao, na haina antena, kwa hiyo hata ungeitafuta sehemu ya kuweka paswedi ya waifai mpaka kesho huwezi kuipata.

Sasa twende kwenye ile kompyuta moja yenye bahati. Kompyuta ikiwashwa inauliza mtandao mzima, nani anagawa anwani hapa? Huo utaratibu unaitwa DHCP. Ofisini kwako hamna anayegawa, kwa hiyo swali linapita kwenye swichi, linapita kwenye kiboksi cha faiba, linaenda mpaka kwenye mitambo ya kampuni inayowapa intaneti, na kule mteja mmoja kwa kawaida anapewa anwani moja tu. Aliyewahi kuuliza kaipata, wengine 4 na printa wakiuliza hawajibiwi. Windows ikisubiri bila kujibiwa inajipa anwani yenyewe inayoanza na 169.254, nenda kwenye kompyuta mojawapo iliyokosa, fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika ipconfig, utaiona. Hiyo 169.254 ukiiona popote maishani mwako ujue maana yake ni moja, nimeuliza anwani na sijajibiwa. Na ukizima ile yenye bahati, kule kwa kampuni muda wa ile anwani ukiisha au mitambo ikimsahau, anayeuliza baadaye ndo anapewa. Ndo hicho unachokiona.

Rauta inakuja kutatua hicho. Yenyewe ndo inachukua ile anwani moja ya nje, alafu ndani inagawa anwani zake za 192.168, hizi ni za matumizi ya ndani tu, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzitumia kwake bila kuomba, ziko kwenye utaratibu uliowekwa mwaka 1996 baada ya kuonekana kwamba anwani za IP za kawaida, ambazo zote kwa pamoja ni kama bilioni 4.3, hazitatosha kila kifaa kiwe na yake. Kompyuta yako ikiomba ukurasa rauta inaandika pembeni kwamba ombi hili ni la fulani, inalituma nje kwa jina lake yenyewe, jibu likirudi inaangalia pale ilipoandika na kumpelekea mwenyewe. Kwa hiyo watu 5 au 50 wanatumia anwani moja na hawagombani. Faida nyingine ni ya usalama na naomba uichukulie kwa uzito: sasa hivi ile kompyuta yenye bahati inaweza kuwa imekaa nje nje kwenye intaneti bila kitu cha kuikinga zaidi ya ukuta wake wa Windows, na kama imeshea mafolda ya ofisi sipendi kabisa hali hiyo iendelee hata siku mbili.

Yule jamaa aliyekwambia huhitaji rauta hajakudanganya kwa makusudi. Kompyuta kurushiana mafaili zenyewe kwa zenyewe au kutuma kazi kwenye printa, swichi peke yake inatosha. Na inawezekana kwake kiboksi cha faiba kina urauta ndani, ndo vilivyo vingi, kwa hiyo akiongeza swichi kila kitu kinakubali. Cha kwako kinaonekana kimewekwa kupitisha tu.

Neno moja kuhusu zile 192.168.0.1 ulizofungua zikagoma. Swichi ziko aina mbili kubwa, ile ya kawaida ambayo unachomeka tu na haina ukurasa wowote wa setingi, na ile ya kusimamiwa ambayo ina anwani yake na ukurasa wake. Yako nina hakika kubwa ni ya kawaida. Usishawishike kuibadilisha kwa ile ya kusimamiwa ukidhani ndo utaweka intaneti humo, hata zile ukikuta sehemu ya kuandika IP na geti la kutokea, hayo ni kwa ajili ya swichi yenyewe ili msimamizi aifikie, kompyuta zako hazipati intaneti kwa kujaza hapo. Nimeona watu wamekaa siku nzima wanajaza hizo sehemu. Za kusimamiwa zina faida yake unapotaka kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja, mfano wageni wasione kompyuta za hesabu, au kufuatilia nani anakula intaneti. Kwa kompyuta 5 na printa moja bado hujafika huko.

Haya tufanye kazi. Waya wa kutoka kwenye kiboksi cha faiba uuchomoe kwenye swichi na uuchomeke kwenye tundu la WAN la rauta, lile la pembeni peke yake ambalo mara nyingi lina rangi tofauti au limeandikwa Internet. Kutoka tundu lolote la LAN, yani yale ya upande wa ndani, la rauta toa waya mwingine uende kwenye swichi, tundu lolote, namba ya tundu haina maana yoyote. Kompyuta na printa ziache kwenye swichi kama zilivyo. Rauta kwa kuwa ni ya zamani na hujui nani aliwahi kuichezea, irudishe kwenye setingi za kiwandani, ikiwa imewaka ingiza pini kwenye kitundu cha Reset ushikilie kama sekunde 10 mpaka taa zizime na kuwaka upya. Alafu geuza uangalie stika ya chini, hapo pana anwani ya kufungulia ukurasa wake pamoja na jina na paswedi ya kuingilia. Na hapo sasa ile 192.168.0.1 au 1.1 itafunguka, maana ni anwani ya rauta, ndo watu wanayoikuta kwenye maelezo mengi.

Ukiingia ndani nenda sehemu ya WAN au Internet, utaulizwa aina ya muunganisho. Kwa kawaida ziko tatu. Ya kwanza ni ya kupokea anwani yenyewe, imeandikwa Dynamic IP au DHCP. Ya pili PPPoE, ambayo kampuni inakupa jina la mtumiaji na paswedi. Ya tatu Static, ambayo unapewa namba kamili uzijaze kwa mkono. Kwako chagua ya kwanza bila wasiwasi, kwa sababu ile kompyuta moja ilipata intaneti bila wewe kujaza jina wala namba yoyote, maana yake kampuni inagawa kwa DHCP. Seviu, subiri dakika moja hivi, angalia sehemu ya hali ya WAN kama imepata anwani.

Ikikaa kwenye 0.0.0.0 usikimbilie kubadilisha setingi. Kampuni nyingi mitambo yake inakumbuka ile MAC ya kifaa cha mwisho kilichokuwa hapo, na kwako inaikumbuka kompyuta. Zima kiboksi cha faiba na rauta vyote viwili, kaa dakika 10, washa kiboksi kwanza, taa zake zikitulia washa rauta. Ikigoma bado, kwenye rauta kuna sehemu ya kunakili MAC, fungulia ukurasa kwenye ile ile kompyuta iliyokuwa inapata intaneti alafu bonyeza kunakili, hapo kampuni itadhani ni ile ile.

Kitu kingine cha kuangalia hapo hapo, hiyo anwani ya WAN ikianza na 192.168 na ikafanana namba za mwanzo na zile za ndani, mfano WAN ni 192.168.1.7 na rauta yenyewe ni 192.168.1.1, rauta inachanganyikiwa haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Badilisha anwani ya ndani ya rauta iwe 192.168.50.1, seviu, iwake upya, kwisha habari.

Waifai sasa. Hapa kabla hujaweka jina zuri nataka uangalie sehemu ya ulinzi kwanza, maana ndo itakayoamua kama hiyo rauta ya kabatini inafaa au haifai. Hapo utakuta majina ya njia za kuifunga waifai kwa siri, unatafuta WPA2 yenye AES, au WPA3 kama ipo. WPA2 ipo tangu 2004 na WPA3 tangu 2018, kwa hiyo rauta yako ikiwa na WEP tu au WPA ya kwanza tu, samahani sana, itumie kwa waya peke yake na waifai uizime, tafuta nyingine. WEP inavunjwa kwa dakika chache na programu za bure. Na kukiwa na kuchagua kati ya TKIP na AES usichague TKIP wala ule mchanganyiko wa zote mbili, TKIP imeshachoka kiulinzi na pia inaishikilia waifai kwenye spidi za zamani, haivuki megabiti 54 hata kama rauta ina uwezo zaidi. Paswedi iwe ndefu, herufi 12 kwenda juu, maneno matatu manne yasiyohusiana yanatosha na yanakumbukika. WPS, ile ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba fupi badala ya paswedi, izime. Na ile paswedi ya kuingilia ukurasa wa rauta yenyewe ibadilishe pia, hii ni tofauti na ya waifai na watu wanaisahau sana, mgeni ukishampa waifai akijaribu admin na admin akaingia ofisi imekuwa yake.

Kama rauta ina masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz yote washa yote. Ile 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri zaidi ila ina msongamano, chaneli zake zinapandiana, zisizogusana ni 1, 6 na 11 basi, kwa hiyo chagua mojawapo ya hizo tatu isiyo na majirani wengi na upana wa chaneli weka 20 MHz. Ile 5 ina kasi na nafasi ila ukuta wa zege unaichosha. Printa nyingi zinaona 2.4 peke yake, ila yako iko kwenye waya, iache huko huko. Kifaa kisichohama kikikubali waya kipe waya, waifai waachie simu na laptopu.

Sasa kama rauta iko mwanzo wa ofisi na chumba cha mwisho waifai haifiki, hapo ndo swichi yako itakufurahisha. Unavuta waya kutoka swichi mpaka kile chumba, mwisho wake unachomeka aksesi pointi. Waya mmoja mita 100 ndo kikomo, usivuke. Unaweza hata kutumia rauta nyingine ya zamani kama aksesi pointi, ila kuna mambo matatu usipoyafanya utalia: anwani yake ibadilishe isifanane na ya rauta kubwa, mfano kubwa ikiwa 192.168.50.1 hii iwe 192.168.50.2, zima DHCP yake kabisa, na waya kutoka kwenye swichi uingie tundu la LAN, la WAN liache wazi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambayo kila asubuhi nusu ya wafanyakazi hawana intaneti na kila siku ni wengine, wakawa wanalaumu kampuni ya intaneti wiki nzima. Nilizunguka chumba kwa chumba mpaka chini ya meza moja nikakuta rauta ndogo mtu kaileta ili simu yake ishike vizuri, kaichomeka kwenye mtandao na DHCP yake inagawa anwani. Anwani zinagawiwa na wawili, kila kompyuta inachukua ya aliyejibu haraka, waliojibiwa na ile ya chini ya meza hawaendi popote. Niliichomoa, kila kitu kikarudi. Ndo maana kwenye hili la DHCP mbili nasisitiza.

Aksesi pointi nyingi za kubandika darini zinataka umeme upitie kwenye waya huo huo wa mtandao, inaitwa PoE, na swichi ya kawaida haitoi. Angalia kama kwenye boksi yake kuna adapta, kama haipo usinunue kabla hujajua umeme utatoka wapi.

Jingine la kukukinga: usije ukachomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi hiyo hiyo, au waya mbili kati ya rauta na swichi ukidhani spidi itaongezeka. Ujumbe wa kuwaambia wote ukiingia kwenye huo mzunguko hauna kitu cha kuuzima, unazunguka na kuzaliana mpaka taa zote zinawaka kwa fujo kwa pamoja na mtandao wote unakufa. Mwaka 1985 mwanamama anaitwa Radia Perlman alitunga utaratibu wa swichi kugundua mzunguko na kufunga njia moja yenyewe, unaitwa Spanning Tree, ila swichi nyingi za bei ya chini hazina. Ukikuta taa zote zimechachamaa, chomoa waya mmoja mmoja mpaka zitulie.

Kuhusu spidi, swichi haiongezi intaneti wala haiigawi vipande sawa, kila mtu anavuta kadri anavyohitaji na mkivuta wote kwa pamoja mnapunguzana. Ila angalia hiyo rauta ya zamani, tundu lake la WAN likiwa la megabiti 100 na kifurushi chenu ni zaidi ya hapo, yenyewe ndo itakuwa kizuizi. Na kompyuta moja ikiwa nzito kuliko zingine kwa waya angalia inaunganika kwa ngapi, ikisoma 100 badala ya 1000 mara nyingi ni nyaya nane za ndani hazijashika zote kwenye kichwa cha waya, maana 100 inahitaji nyaya 4 tu na 1000 inazitaka zote 8. Kichwa kibanwe upya.

Rauta kama mtengenezaji wake ameshaacha kutoa masasisho, itumie kuthibitisha kwamba kila kitu kinakubali alafu panga kununua mpya, mashimo yake ya usalama hayatazibwa na mtu.

Mtu wa kuja kwa miguu yake mwite kama taa ya faiba iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, huo ni mwanga haufiki na hamna setingi ya kukusaidia, ni kampuni yenyewe. Ncha ya faiba usiichomoe kuichungulia, ule mwanga jicho halioni lakini unadhuru. Wapigie kampuni pia kama baada ya kunakili MAC bado WAN ni 0.0.0.0, waulize wanatumia muunganisho wa aina gani na kama kuna namba ya VLAN, yani ya kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja, ya kujaza, maana rauta nyingine za zamani hazina hata sehemu ya kuijaza. Na nyaya za kupita ndani ya kuta au kutoka jengo moja kwenda jingine mwachie fundi, nje kuna radi na ikipita kwenye waya wa shaba inaondoka na swichi na kompyuta zote.

Ukimaliza zima na kuwasha kompyuta zote ziombe anwani upya, zile 169.254 zitaondoka zenyewe. Printa huenda ikaonekana haipo, usishtuke, kompyuta bado zinaitafuta kwenye anwani ya zamani. Chapisha ukurasa wa mtandao kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe uone anwani mpya, ingia kwenye rauta sehemu ya DHCP uihifadhie hiyo anwani kwa MAC ya printa isije ikabadilika tena, alafu iongeze upya kwenye kila kompyuta.